Mguu Unaosubiri

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, kijana wa Dar es Salaam aliitwa wa pili katika drafti, usiku ambao timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya. Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alichukuliwa na timu ya Memphis. James Harden aliitwa wa tatu. Stephen Curry alikaa kitini hadi nafasi ya 7.

Waliochagua usiku ule walikuwa watu wa kazi yao. Thabeet naye hakuokotwa njiani: chuoni Connecticut alishatambuliwa kuwa mlinzi bora wa vyuo vya Marekani. Kutoka viwanja vya saruji vya Dar hadi jukwaa lile ni safari ninayoiheshimu mno. Hata hivyo Harden na Curry ndio waliokuja kuwa wachezaji bora wa ligi nzima, na kipimo cha kuliona hilo mapema hakikuwepo. Urefu hupimwa kwa futi. Kuruka hupimwa ukutani. Kinachobaki amekificha Mungu ndani ya mja, na pengine mja mwenyewe hakijui bado.

Nikitaka kukikaribia kitu hicho, namtazama Hakeem Olajuwon, nyota wa NBA wa zamani. Alikulia Lagos, akidaka golini kwenye soka na kucheza mpira wa mikono. Kikapu alikianza baadaye, akiwa kijana tayari. Mwaka 1980 alifika Houston. Huko, wakati wa likizo, alikuwa akienda kwenye ukumbi wa Fonde kusukumana na Moses Malone, mtu mzima aliyeshakubuhu NBA, na kila siku alirudi na somo mwilini.

Itazameni hatua yake ile maarufu, polepole. Anapokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, beki kamwegemea. Anainamisha bega upande mmoja, kidogo tu. Halafu anangoja. Ni kitambo kifupi kuliko pumzi, lakini katika kitambo hicho anausikiliza mwili wa mwenzake: uzito umehamia mguu gani? Beki akiamini, Olajuwon keshageukia upande wa pili. Asipoamini, anainua mpira kama anayetaka kurusha, beki anaruka, naye anapita chini ya mikono yake. Uamuzi haukuwepo kabla. Umezaliwa pale pale, kutokana na kusikia.

Mimi naamini hapo ndipo njia inapogawanyika. Mchezaji mzuri sana anakuja uwanjani na anachokijua, anakifanya vizuri, na siku nyingi kinamtosha. Aliyeandikiwa zaidi anaweza kukiweka kando anachokijua kwa sekunde moja, akaupokea mchezo jinsi ulivyo. Kwa hofu huwezi. Kwa kiburi huwezi pia, maana mwenye kiburi keshaamua kabla ya kusikia. Wanaoswali wanaifahamu hali hii, wanaiita khushui: kiungo kimetulia kwa kuwa moyo umehudhuria.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1995 ulianza na Februari. Olajuwon alifunga huku akicheza, na mechi nyingine zilikuwa za mchana, koo kavu. Mwezi huo huo akatajwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA. Sisemi swaumu ilimfungia vikapu. Nasema aliyezoea kumwambia mwili wake subiri, mbele ya maji yaliyo karibu yake, haoni ajabu kuuambia mguu wake subiri mbele ya beki. Miezi michache baadaye alikutana na David Robinson wa San Antonio, aliyekuwa ametoka kutangazwa mchezaji bora wa msimu, na katika mechi sita akapachika wastani wa pointi zaidi ya 35. Robinson alikuwa mlinzi hodari kwelikweli, ndiyo maana mechi zile zinafaa kutazamwa tena.

Najua si yote yaliyo mikononi mwa mchezaji. Kuna goti linalovunjika, kuna kocha asiyekuelewa, kuna timu isiyo na nafasi yako. Wenye usikivu wamepotea hivyo, na hatutayajua majina yao. Riziki ni fumbo, nami siwezi kulifungua.

Lakini jambo moja limeonekana wazi. Olajuwon alipostaafu, waliomwendea Houston kuomba kufundishwa hawakuwa chipukizi peke yao. Mwaka 2009 alikwenda Kobe Bryant, akiwa na mataji manne. Mwaka 2011 alikwenda LeBron James, aliyekwisha kuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, baada ya kufungwa na Dallas fainalini. Walisimama mbele ya mzee wakaonyeshwa namna ya kuweka mguu, wakakosea, wakarudia.