Chawa na Hukumu ya Mungu

Maradhi yanapowaangukia wanyonge kwa wingi, hakosekani mtu wa kusema kwamba Mungu amekasirika. Kauli hiyo si ya kubezwa, maana anayeitoa hataki kukubali kwamba mateso hayana maana. Hata hivyo, anayedai kuijua nia ya Mungu amedai jambo kubwa, na dai lake halina budi kupimwa. Tifasi inayoenezwa na chawa wa nguo (si taifodi ya maji machafu) inalipima vizuri, kwa sababu njia yake inajulikana hatua kwa hatua.

Hospitalini Tunis, daktari Charles Nicolle aliona kwamba wagonjwa wa tifasi waliwaambukiza waliowapokea na waliofua nguo zao, lakini wakishaogeshwa na kuvishwa nguo safi hawakumwambukiza mtu wodini. Mwaka 1909 akathibitisha kwamba mbebaji ni chawa. Bakteria wenyewe huwamo katika kinyesi cha chawa, na mtu anapojikuna huwapenyeza mwenyewe katika mchubuko. Chawa naye hasalimiki: bakteria huzaliana ndani ya utumbo wake hadi ukapasuka, akafa. Ajabu ya mjumbe wa adhabu anayeuawa na adhabu aliyotumwa! Tena chawa huyu hutaga katika mishono ya nguo na hufa akikosa damu kwa siku chache. Nguo zikichemshwa, kizazi chake chote kimekwisha. Ili astawi anahitaji watu waliobanana kwenye baridi, wenye nguo moja, wasio na maji wala kuni. Mahitaji hayo anatimiziwa na sisi.

Burundi ilimtimizia. Baada ya vita vilivyoanza 1993, tifasi ilizuka katika gereza la Ngozi, kisha ikaingia katika kambi za waliokimbia makwao, na kufikia 1997 makumi ya maelfu walikuwa wameugua. Muumini atanikumbusha kwamba Biblia na Kurani zote mbili zinamtaja chawa miongoni mwa mapigo yaliyoishukia Misri. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yake inapomgeukia. Katika habari ya Musa, pigo lilikuja kupitia kwa mtume, likamwangukia mtawala aliyewatesa watu pamoja na wafuasi wake. Kule Ngozi liliwaangukia wafungwa, na kambini wakaugua waliofukuzwa mashambani mwao. Anayeliita hilo hukumu hasomi tena Kitabu kilekile. Amewaweka watumwa mahali pa Farao.

Pingamizi zito zaidi ni hili: hata kama msongamano ni kazi yetu, nani aliyeumba mwili unaoweza kuuawa na kijidudu? Sina jibu la kulimaliza swali hilo, na nawaonea shaka wenye nalo. Lakini kuuliza kwa nini ugonjwa unawezekana duniani ni tofauti na kuuliza kwa nini umefika Ngozi mwaka fulani, na fumbo la swali la kwanza haliwezi kutumiwa kuficha jibu la pili lililo wazi. Mwingine atasema kwamba kwa kumwondolea Mungu lawama nimemtwika mama wa kambini ambaye hakuchemsha nguo. La. Lawama hufuata uwezo, na mama yule hakuwa na sufuria ya kutosha wala vazi la kubadili. Waliokuwa na uwezo ni walioanzisha vita na walioendesha magereza. Na tiba yenyewe haikuwa kubwa: dozi moja ya doksisaiklini, miligramu 200, ilitosha kumponya mgonjwa.

Limebaki jambo moja ambalo wahubiri wa ghadhabu hawaligusi. Aliyepona tifasi huweza kubaki na bakteria mwilini kwa miaka mingi, kimya, kisha homa ikamrudia mwili ukidhoofika. Chawa wakiwapo wakati huo, mlipuko huweza kuanza upya. Wasipokuwapo, hakuna mwingine anayeugua. Kama hiyo ni hukumu ya Mungu, basi atueleze mhubiri kwa nini husubiri vita na magereza yaliyojaa ndipo itekelezwe.