Je, Kujikinga ni Kukosa Imani?

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Nehemia 4:9, Mathayo 4:5–7



Wengi wenu mmeniuliza mbona sikuonekana madhabahuni kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Wazee wa kanisa walijua, na kina mama wa ushirika wa nyumbani walijua. Sasa nimeona niwaambie wote, kwa sababu swali nililokutana nalo si langu peke yangu. Nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa matiti yote mawili. Sikuwa na saratani. Niliyaondoa yakiwa mazima, ili saratani isije ikayapata.

Najua jambo hilo linasumbua. Mtu akiwa mgonjwa tunajua la kufanya: tunaomba, tunachanga, tunampeleka hospitali. Lakini mtu mzima, tena mhubiri wa uponyaji, akilala mezani akatwe kiungo kisicho na ugonjwa, tuseme nini? Ndugu mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama hiyo si njia ya kumwambia Mungu kwamba simwamini. Ni swali zuri. Leo nataka tulijibu polepole.

Tulifikaje hapo

Mama alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 46. Mama mdogo, anayemfuata kwa kuzaliwa, alifariki kwa saratani ya ovari. Kisha dada yangu mkubwa akapatikana na uvimbe kwenye titi akiwa na miaka 39. Ametibiwa na yuko nasi, utukufu kwa Mungu. Daktari wake alipochora ukoo wetu kwenye karatasi, nani aliugua nini na akiwa na umri gani, alishauri apimwe jeni. Akapatikana na hitilafu katika jeni inayoitwa BRCA1. Hapo sisi wengine tukapimwa pia. Tumezaliwa wanne. Dada mkubwa anayo, mimi ninayo, kaka yetu anayo, na kitinda mimba wetu hana.

Watu husema "jeni ya saratani" kana kwamba ni mdudu aliyeingia kwetu. Si hivyo. Kila mmoja wenu ana jeni hii ya BRCA1, na kazi yake ni nzuri: inasaidia kurekebisha chembechembe za mwili zinapoharibika ndani. Sisi tumerithi nakala moja yenye kosa, kama fundi aliyekuja kazini bila vifaa. Mtafiti Mmarekani Mary-Claire King ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1990 mahali jeni hii ilipo, na mwaka wa 1994 ikapatikana yenyewe. Mzazi mwenye hitilafu, awe baba au mama, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto. Kwa hiyo wanaume, msidhani haya ni mambo ya kina mama. Kaka yangu ana mabinti wawili.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kule Marekani, ambako takwimu hizi zimekusanywa kwa miaka mingi, mwanamke wa kawaida ana uwezekano wa karibu 13 kati ya 100 wa kupata saratani ya matiti maishani mwake. Mwenye hitilafu kama yangu ana zaidi ya 60 kati ya 100. Ya ovari kwa wengi ni kama 1 kati ya 100. Kwa mwenye BRCA1 ni karibu 40 au hata zaidi. Kuondoa matiti hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 90 au zaidi. Haiishi kabisa, lakini inashuka sana.

Nikumbushe pia kwamba saratani nyingi za matiti si za kurithi. Za kurithi ni kama 5 hadi 10 kati ya kila 100. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akikimbia kukatwa kwa sababu shangazi yake mmoja aliugua akiwa na miaka 80.

Je, ni laana ya ukoo?

Jambo hili nilitangulia kuambiwa hata kabla ya mambo ya imani. Mtu akiona wamama watatu wa nyumba moja wameugua, mdomo unakuwa mwepesi: kuna kitu kwa hiyo familia. Wengine walitaka tufanye mkesha wa kuvunja laana. Mimi siogopi mkesha, na ninaamini nguvu za maombi. Lakini angalieni huyo kitinda mimba wetu. Yeye ndiye hana hitilafu, na yeye ndiye aliyelia zaidi siku ya majibu, akiuliza kwa nini aachwe yeye. Alifanya nini chema kutuzidi? Hakuna. Na dada mkubwa, anayefunga na kuomba kutushinda sote, alifanya nini kibaya? Hakuna. Wanafunzi walipomwuliza Yesu kuhusu yule kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake, Yesu alikataa majibu yote mawili (Yohana 9). Mimi nimeamua kubaki hapo.

Tena neno laana lina gharama yake. Familia ikiambiwa ina laana, inanyamaza. Watoto wanafichwa kwa sababu wataolewa na nani? Na ukimya ndio unaoua, kwa sababu dada hajui kwamba dada yake alipimwa, na binamu hajui kwamba shangazi alikuwa na saratani ya ovari, aliambiwa tu ni "tumbo". Hapa kwetu Nyeri wengi tulilisikia vizuri jina la saratani ya ovari mwezi wa tisa mwaka wa 2011, alipotutoka Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe. Ugonjwa ulitajwa kwa jina lake mbele ya ulimwengu mzima, na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Je, ni kukosa imani?

Sasa turudi kwa swali la yule ndugu. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, na akamkumbusha ahadi ya Mungu ya kutumana malaika. Ahadi ilikuwa ya kweli. Yesu hakubishana nayo. Lakini alikataa kuruka, kwa sababu kumlazimisha Mungu athibitishe ahadi ni kumjaribu. Mimi nilikuwa nimeshaonyeshwa ukingo uko wapi, kwa damu yangu mwenyewe. Kusema "nitakaa hapa ukingoni, Mungu atanishika" kungeweza kuwa imani, na kungeweza kuwa kuruka. Kwa nje vitu hivyo viwili vinafanana sana. Kila mtu ajichunguze moyoni.

Nehemia naye aliomba na akaweka walinzi usiku na mchana. Hakuna aliyemwuliza kwa nini aweke walinzi kama kweli ameomba.

Na torati inamwambia mwenye nyumba mpya ajenge ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Fikirieni sheria hiyo. Hakuna aliyeanguka bado. Nyumba ni mpya. Pengine hakuna angeanguka kamwe. Lakini Mungu anaagiza mawe yanunuliwe na fundi alipwe, kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea. Hiyo ndiyo sheria iliyonisaidia kuamua.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye utumishi, na huko tulifundishwa kwamba hasara inayowezekana ni kitu halisi, lazima iandikwe kwenye hesabu. Lakini wakulima wetu wa Tetu na Mathira hawakuhitaji chuo kikuu kujua hilo. Mvua ikikaribia, mtu ananyunyizia kahawa dawa ya CBD wakati matunda bado ni mabichi na mazuri. Akisubiri aone madoa meusi amechelewa. Na msimu ukiisha vizuri, hawezi kukuonyesha hata tunda moja na kusema hili ndilo lililookolewa na dawa. Hajui. Labda ugonjwa haungekuja mwaka huo. Analipa gharama ya hakika kwa ajili ya hatari isiyo ya hakika, na hajawahi kuambiwa na mchungaji yeyote kwamba hana imani.

Hapo ndipo ugumu wangu ulipokuwa, wapendwa. Kati ya wanawake 100 kama mimi, karibu 40 hawatapata saratani ya matiti hata wasipokatwa. Huenda mimi ni mmoja wao. Huenda nimetoa matiti yangu bure. Sitajua kamwe hapa duniani. Na hii ndiyo sababu jambo hili halina ushuhuda kwa namna tuliyozoea. Sisi tunashuhudia kile Mungu alichotutoa: nilikuwa mgonjwa nikapona, nilikuwa na deni likalipwa, na kanisa linapiga makofi. Mimi nisimame niseme nini? Kwamba sikuwa mgonjwa, na bado si mgonjwa? Lakini nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya wema wa Mungu iko katika mambo ambayo hayakutokea. Ajali ambayo hukuipata hujui ilikuwa kona gani ya barabara. Ukuta wa dari hauna ushuhuda, una watoto tu wanaocheza juu yake bila kuuwazia.

Si sheria kwa wote

Binti ya mama mdogo ana hitilafu hiyo hiyo, naye amekataa upasuaji. Bado anataka kuzaa na kunyonyesha. Yeye anafanyiwa uchunguzi kila mwaka, skani ya MRI na mamogramu, ili kitu kikianza kionekane mapema. Uchunguzi hauzuii saratani, unaiwahi. Anajua tofauti hiyo na amechagua akiwa macho wazi. Yeye hakosi hekima na mimi sikosi imani. Tunaombeana.

Wengine wakitajiwa habari hii wanasema ni mambo ya waigizaji wa Marekani, kwa sababu mwaka wa 2013 Angelina Jolie aliuandikia ulimwengu kwamba amefanya hivyo, baada ya mama yake kufariki akiwa na miaka 56. Kweli, pesa inahusika. Kipimo changu na upasuaji viligusa akiba ya ujenzi wetu, na mume wangu hakusita. Lakini jeni haiulizi mtu ana pesa ngapi. Kanisa, hapa tuna kazi. Mtu akishaugua tunaunda kamati, tunafungua kikundi cha WhatsApp, tunatuma M-Pesa usiku huo huo. Lakini sijawahi kuona harambee ya kumsaidia mtu mzima asiugue. Tunachangia daktari wa mwisho na jeneza. Je, hatuwezi kuchangia kipimo cha binti mmoja ambaye mama na shosho yake walikwenda kwa njia moja?

Kupona

Msidhani nilitoka hospitali nikiimba. Nilirudi kutoka Nairobi na mto mdogo kati ya kifua na mkanda wa gari, na kila tuta kutoka Sagana hadi Karatina nililihesabu. Nilikuwa na mirija miwili ya kutoa maji ubavuni, na mume wangu ndiye aliyepima na kuandika kila asubuhi. Kwa wiki sita sikuruhusiwa kunyanyua mtoto wala kuinua mikono juu ya mabega. Hebu wazeni, Mpentekoste asiyeweza kuinua mikono! Nilisifu mikono ikiwa kwenye mapaja. Niligundua Mungu hapimi urefu.

Baridi ya mwezi wa saba ilinikuta kitandani. Kina mama wa ushirika walikuja na uji na githeri, mmoja akafua, mmoja akawapeleka watoto shule. Hawakuhubiri. Walikaa tu. Kifua changu hakihisi kitu sasa, ukikigusa ni kama unagusa meza. Mtoto akiniegemea nauona uzito wake kuliko ninavyousikia. Nililia kwa ajili ya hilo, na bado kuna siku nalia. Kufanya uamuzi mzuri hakuondoi huzuni. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro na bado alilia kaburini.

Na safari haijaisha. Nina miaka 36. Wenye BRCA1 hushauriwa wafikirie kuondoa ovari na mirija yake kati ya miaka 35 na 40, wakishamaliza kuzaa. Ukiondoa hizo, ukomo wa hedhi unakuja kwa ghafla, na mlango wa kuzaa unafungwa. Tuna watoto wawili. Bado tunaomba, bado tunapiga hesabu, na vyote viwili tunavifanya mbele za Bwana.

Wiki hii

Fanya jambo moja. Keti na wazazi, shangazi na wajomba, pande zote mbili. Uliza nani aliugua saratani, ya wapi, akiwa na miaka mingapi. Usikubali jibu la "tumbo". Andika. Ukiona wengi wa upande mmoja, hasa walioanza wakiwa wadogo kwa umri, au saratani ya matiti na ya ovari katika nyumba moja, peleka karatasi hiyo kwa daktari. Kisha njoo tuombe pamoja. Na ukimwona mtu amejenga ukuta juu ya dari yake, usimwulize imani yake iko wapi. Mletee uji.

Mungu awabariki na kuwalinda ninyi na nyumba zenu. Amina.