Utii kwa Sheria Mbili

Kompyuta moja huweza kuwekewa mifumo endeshi miwili, yaani programu kuu mbili ambazo kila moja inajua kutawala vifaa vyake vyote, kufungua mafaili na kuamua nani aruhusiwe kuyafungua. Anayetaka kuiweka Ubuntu kando ya Windows huanza kwa kuigawa diski ili kila mfumo upate eneo lake, kisha huiachia kazi programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo huamka kabla ya mifumo yenyewe, ikaorodhesha iliyopo na kumngoja mwenye kompyuta achague. Wengi huamini kuwa mgawanyo huo umemaliza ugomvi kabla haujaanza. Na wanaotetea desturi ya mtu kuswali msikitini au kusali kanisani, kisha akaenda kutambika kwenye makaburi ya ukoo, husema jambo lilelile, kwamba kila sheria ina eneo lake na kuvuka mpaka si kosa. Swali ni kama mgawanyo unatosha.

Saa ya kompyuta inaonyesha kuwa hautoshi. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendeshwa na betri hata umeme ukikatika, nayo haihifadhi chochote ila tarakimu, bila kueleza ni tarakimu za wapi. Windows huzisoma kuwa ni saa za mahali ilipo, ilhali Ubuntu huzichukulia kuwa ni za UTC, kipimo cha pamoja cha dunia ambacho Tanzania imekitangulia kwa saa 3. Fundi wa Itetemia, karibu na Tabora, akiitumia Ubuntu saa nne asubuhi, mfumo huo huandika 7:00 katika saa ya ndani. Akizima na kuwasha Windows, kioo kitamwambia kuwa ni saa moja. Hakuna mfumo uliosema uongo, kwa sababu tarakimu isiyo na mapatano si kweli wala si uongo. (Hata hiyo saa ya mahali si ya mahali hasa: saa rasmi ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita nje ya nchi, na kwa kuwa Tabora iko karibu na nyuzi 33, jua hufika utosini mjini humo, kwa wastani, dakika 48 hivi baada ya saa sita mchana.) Mafundi huondoa tatizo kwa kuuamuru mfumo mmoja usome kama mwenzake, na kwa kuwa Tanzania haisogezi saa majira yakibadilika, wowote kati ya hiyo miwili unaweza kukubali bila hasara kubwa. Kisichowezekana ni kila mmoja kushikilia usomaji wake. Diski hugawika, saa haigawiki, na hapo ndipo sheria mbili hukutana uso kwa uso.

Unyanyembe, nchi ya kitemi ya Wanyamwezi, iliyapitia hayo zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani walijijengea makazi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, huku watemi wakiendelea kutawala kutoka Itetemia, si mbali na hapo. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh Novemba 1857, walizikuta tawala hizo mbili zikiishi jirani kwa amani ya kutosha chini ya Mtemi Fundikira. Makazi yaligawika, lakini njia ya misafara, pamoja na ushuru wake, haikuwa na nusu ya huyu na nusu ya yule. Mnwa Sele, aliyeshika utemi baada ya Fundikira, alipowatoza wafanyabiashara ushuru walioukataa, walimwondoa mnamo mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na Mnwa Sele akapigana hadi alipouawa mwaka 1865. Hayo hayawezi kuitwa mapatano. Upande mmoja uliufuta mfumo wa pili na kuliacha jina lake tu kwenye orodha.

Kwa mwanadamu jambo ni zito zaidi, maana kompyuta huendesha mfumo mmoja huku mwingine umelala, ilhali mtu hazimwi akawashwa upya anapotoka msikitini. Mtoto akiugua, dua ikasomwa na mizimu ikatambikiwa, kisha akapona, shukrani ni ya nani? Wapo wanaojibu kuwa Wanyamwezi wa kale nao walimjua Muumba mmoja, Likube, na kwamba mizimu ni waombezi tu chini yake. Jibu hilo lina nguvu, lakini nguvu yake inatokana na kuuweka upande mmoja chini ya mwingine, si na kuzigawa pande mbili sawasawa. Na mwanazuoni wa Kiislamu anayeona kuwa kuomba kwa wafu ni shirki, yaani kumpa Mungu mshirika, hataukubali hata mpangilio huo.

Kilicho kigumu kugawika kuliko vyote ni maiti. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986, aliishi kwa sheria ya mahakama na alizaliwa katika mila ya Wajaluo. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukamtaka nyumbani, na shauri hilo likachukua miezi kadhaa mpaka Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kwa hiyo mtu wa Tabora anayeishi kwa sheria mbili, na wako wengi wasio na hatia yoyote, hana budi kuwaketisha ndugu wa pande zote angali hai na kuwaeleza waziwazi ni sheria ipi itakayomzika.