Mtoto Aliyetekwa Akienda Shule

Mwaka 1987, kaskazini mwa Uganda, mtoto wa Kiacholi wa miaka kama tisa alitekwa na waasi akiwa njiani kwenda shule. Jina lake Dominic Ongwen. Siku hiyo alikuwa hajamdhuru mtu. Tarehe 4 Februari 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu huko The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61: mauaji, utesaji, ubakaji, utumwa, ndoa za kulazimisha, na kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Hilo la mwisho ndilo linalonichoma zaidi. Aliwatenda watoto wa wenzake yaleyale aliyotendwa yeye.

Twadhani mtoto huharibika kwa kuona mabaya. Makamanda wa Joseph Kony, kiongozi wa waasi hao, walijua kwamba kuona hakutoshi, wakataka mkono wa mtoto mwenyewe uingie. Aliyetoroka akikamatwa, watoto wenzake waliamriwa kumpiga kwa magongo hadi afe. Aliyesita alijua zamu yake imefika. Kisha wakaambiwa: nyumbani hamna tena, mkirudi mtauawa. Uongo huo uliwafunga kuliko bunduki, maana aliyekwisha kuamini kwamba hana pa kurudi, ajizuie kwa ajili ya nani?

Waacholi walilitambua hilo. Mjini Gulu, redio ya Mega FM ilikuwa na kipindi kiitwacho Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani. Waliotoroka walizungumza humo kwa sauti zao, ili walioko porini wajue kuwa wenzao wamefika na wako hai. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 ilipokea maelfu. Na kimila, anayerejea hukanyaga yai bichi kabla ya kuingia kwao, kwa kuwa yai halina waa, naye anaingia upya.

Ongwen hakurudi. Alipanda vyeo hadi kuongoza brigedi, na Mei 2004 wapiganaji wake waliwaua raia, watoto wakiwemo, katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Lukodi. Alijisalimisha Januari 2015. Majaji walizingatia kwamba alitekwa akiwa mdogo, wakampunguzia adhabu, lakini hatia hawakuifuta: miaka 25 jela. Naona walihukumu sawa. Mtoto aliyetekwa hakuwa na kosa lolote; kamanda alikuwa nalo, maana nafasi za kuondoka alizipata na wenzake kadhaa waliondoka.

Basi wewe mzazi, mwalimu, mzee wa mtaa: kijana akishaingizwa kwenye genge, akaiba au akashika panga kwa amri ya waliomzidi umri, mwajibishe, lakini usimwambie kwamba ameshaharibika na kwenu hapamfai. Waliomteka Ongwen walihitaji aamini maneno hayohayo.