Balbu ya Miaka 17: Wakati Ujao katika Nyumba za Kitui na Makueni

Swali la kama binadamu anaweza kudaiwa na wakati ambao haujafika ni kongwe katika falsafa na teolojia, na kwa desturi huulizwa kuhusu mambo makubwa kama vile misitu, madeni ya taifa na siku ya kiyama. Hapa linaulizwa kuhusu jambo dogo, nalo ni kuondoa balbu za halojeni katika taa za reli za nyumbani na kuweka balbu za LED, katika kaunti za Kitui na Makueni. Udogo wa jambo hili una manufaa yake, kwa kuwa hesabu ya wakati imeandikwa waziwazi juu ya boksi la balbu, na kila anayeinunua huwa anaamua, ajue asijue, ni kiasi gani cha wakati ujao anachokiamini. Tena John Samuel Mbiti, mwanafikra aliyefanya dhana ya wakati miongoni mwa Waafrika ijadiliwe na wanafalsafa wa dunia nzima, alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na hoja zake alizijenga kwa kiasi kikubwa juu ya lugha na maisha ya Wakamba wenyewe.

Taa za reli ni taa ndogo za kumulika zinazopachikwa kwenye ukanda wa chuma au alumini uliofungwa darini, ambao ndani yake umeme hupita kiasi kwamba kila taa inaweza kusogezwa na kuelekezwa ukutani au mezani. Kwa miaka mingi taa hizi zilitumia balbu za halojeni, yaani balbu zenye uzi wa tungsteni ndani ya kioo kigumu kilichojazwa gesi yenye iodini au bromini kidogo. Uzi unapopata moto mkali hupoteza chembe zake, gesi hiyo huzinasa chembe hizo na kuzirudisha kwenye uzi, na hivyo balbu hudumu kuliko zile za uzi za kawaida. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya umeme wake huishia kuwa joto, jambo lisilo dogo katika nyanda kavu za Ukambani ambako usiku wa Februari tayari una joto la kutosha. LED ni kipande kidogo cha nusu-kipitishi, yaani maada inayopitisha umeme kwa kiasi na kwa masharti, ambacho hutoa mwanga bila kuunguza uzi wowote. Mwanga wake mweupe wa majumbani uliwezekana baada ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kupata LED angavu ya buluu, kazi iliyowaletea Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Sebule yenye balbu 6 za halojeni za wati 50, zikiwaka saa 4 kila usiku, hula uniti 36 za umeme kwa mwezi wa siku 30, ilhali balbu 6 za LED za wati 6, zenye mwanga unaokaribiana na huo, hula uniti 4 na ushei. Pale ambapo reli ni ya volti 12, fundi hulazimika mara nyingi kubadilisha transfoma pia, kwa sababu ile ya halojeni ilitengenezwa kubeba mzigo mkubwa, na ikipewa mzigo mdogo wa LED taa hupepesa au hukataa kuwaka. Kwa upande wa umeme, basi, hakuna ubishi. Ugumu wa kifalsafa umo katika umri.

Balbu ya halojeni hukadiriwa kudumu kiasi cha saa 2,000, ambazo kwa matumizi ya saa 4 ni siku 500, muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Balbu ya LED huuzwa kwa ahadi ya saa 15,000 au 25,000. Hizi za pili ni siku 6,250, yaani miaka 17. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, Mbiti alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una sehemu mbili: ile aliyoiita Sasa, ambayo ni kipindi anachokiishi mtu, anachokikumbuka na kukigusa, pamoja na yale yaliyo karibu mno kutokea, na ile aliyoiita Zamani, ambayo ni hazina ya matukio yote yaliyokwisha, ambamo Sasa huingia na kuhifadhiwa. Wakati ujao wa mbali haukuwa kwa Mwafrika huyo wakati halisi, kwa sababu wakati hufanywa na matukio, na matukio ya mbali hayajatokea. Ushahidi wake ulikuwa nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu: alisema kwamba nyakati tatu zinazohusu mambo yajayo hufika takriban miezi 6, na kwa vyovyote hazivuki miaka 2.

Umri wote wa balbu ya halojeni unaenea ndani ya miaka hiyo 2, ilhali umri wa LED unaipita zaidi ya mara 8. Ikiwa Mbiti alisema kweli bila masharti, mnunuzi wa mji wa Mwingi au wa Wote anauziwa kitu ambacho sehemu yake kubwa imo katika wakati usiokuwapo, na kukataa kwake kulipa zaidi leo ni uamuzi wa busara kabisa kwa mujibu wa dhana yake ya wakati. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika waliipinga hoja hiyo mapema. Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alionyesha kwamba Waakan wana maneno na fikra za wakati ujao wa mbali, na kwamba lugha mbili za Afrika Mashariki haziwezi kusimama badala ya bara zima; D. A. Masolo, Mkenya, aliihoji pia katika uchambuzi wake wa mwaka 1994. Wakosoaji hao wana haki kuhusu upana wa dai, lakini kiini cha dai hilo kinastahili kutetewa: wakati ujao ambao hakuna tukio lolote lililouanzisha hauna uzito katika maisha ya mtu, awe mkulima wa Kibwezi au mhandisi wa Ulaya.

Na hapo ndipo mhandisi mwenyewe anapokuwa shahidi wa Mbiti. Idadi ya saa iliyo juu ya boksi haikupatikana kwa kungoja balbu izimike. Utaratibu wa upimaji uitwao LM-80 huwasha vipande vya LED kwa saa zisizopungua 6,000 na kupima jinsi mwanga unavyofifia, kisha utaratibu wa pili, TM-21, hutumia mwendo wa kufifia huko kukadiria ni lini mwanga utabaki asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na hapo ndipo LED huhesabiwa kuwa imemaliza umri wake; kanuni yenyewe hairuhusu makadirio yapite mara 6 ya muda uliopimwa kweli. David Hume alikwisha kueleza katika karne ya 18 kwamba hakuna hoja ya kimantiki inayoweza kuthibitisha kuwa yajayo yatafanana na yaliyopita. Wahandisi hawakulitatua tatizo hilo; walichofanya ni kukubaliana, kwa unyofu unaostahili heshima, ni umbali gani yaliyopimwa yanaruhusiwa kuyasemea yasiyopimwa.

Unyofu huo, hata hivyo, hupotea njiani kati ya maabara na duka. Fundi wa umeme anayefungua balbu ya LED iliyokufa mapema huona jambo ambalo boksi halisemi. Pengine kipande kimoja kina nukta nyeusi, na kwa kuwa vipande vimeunganishwa kwa mfuatano, kifo cha kimoja kimezima vyote. Lakini mara nyingi vipande vya LED viko sawa, na kilichokufa ni sakiti ndogo iliyo kwenye shingo ya balbu, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaofaa LED, hasa kapasita yake, kijikopo kinachotuliza umeme, ambacho kichwa chake kimevimba kwa joto. LM-80 haikuipima sakiti hiyo. Ikiwa taa ya reli imefunikwa na kopo la chuma lisilopitisha hewa, na ikiwa umeme wa mtaa hupanda na kushuka, kijikopo hicho hufa miaka mingi kabla ya LED, na ahadi ya miaka 17 inakuwa imetolewa kwa niaba ya kiungo ambacho hakikuwahi kuulizwa.

Kwa hiyo suala si kama watu wa Kitui na Makueni wanaweza kuuwaza wakati ujao. Mabonde yao yanajibu. Mtaro wa fanya juu, ambao mkulima huuchimba kukatiza mteremko na kutupa udongo upande wa juu ili mvua za miaka mingi ziugeuze mteremko kuwa ngazi, ni kazi ambayo faida yake kamili haionekani msimu ule ule. Bwawa la mchanga linadai subira zaidi: ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, yakiwa yamekingwa na jua, ili yachimbwe wakati wa kiangazi. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978, na shirika la SASOL huko Kitui, vimejenga mabwawa ya namna hii kwa wingi, na kazi ya kusomba mawe na mchanga imefanywa na wanavijiji, wengi wao wakiwa wanawake, kwa utaratibu wa mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja ambacho mwanachama hupewa nguvu za wenzake kwa kuwa naye hutoa zake. Abebaye jiwe katika mwethya hahitaji kuiamini miaka 17 akiwa peke yake. Amekwisha kuona bwawa la jirani likijaa, anawajua kwa majina waliolijenga, na ukuta ukipasuka anajua atamwuliza nani. Wakati ujao wa mbali umeingizwa katika Sasa kwa kazi iliyokwisha kuanzwa na watu wanaoweza kuulizwa, na huenda hii ndiyo sehemu ambayo Mbiti aliigusa tu alipowaza zaidi juu ya vitenzi kuliko juu ya vikundi.

Mwanga nao umewahi kuletwa kwa njia hiyo. Kitonyoni, katika Makueni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton na wenyeji walijenga mwaka 2012 mtambo wa jua wa kilowati 13.5 unaohudumia soko la kijiji, ambao paneli zake zimepangwa kuwa paa linalokinga pia maji ya mvua, na usimamizi ukakabidhiwa ushirika wa wanakijiji. Ikisaya, katika Kitui, kituo cha nishati kilichofunguliwa mwaka huo huo kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo kilikodisha taa za LED zilizochajiwa kituoni kwa familia zilizokuwa zikitumia koroboi. Aliyekodi alilipia mwanga wa muda mfupi, na mzigo wa umri wa taa na betri ukabaki kwa kituo. Mpangilio huu ni wa kifalsafa hata kama haukukusudiwa kuwa hivyo, kwani hautaki kila mtu awe na uhakika ule ule juu ya miaka ijayo, bali unauweka uhakika huo kwa taasisi ambayo ina nguvu ya kuubeba.

Dini nayo ina neno hapa. Shirika la wamisionari la Africa Inland Mission lilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na mafundisho yake juu ya kurudi kwa Kristo ndiyo ambayo Mbiti aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu eskatolojia, yaani elimu ya mambo ya mwisho. Aliona kwamba waumini wa Ukambani waliolelewa katika wakati wa karibu waliusikia mwisho wa dunia kama tukio la miezi michache ijayo. Lakini Injili ya Mathayo, sura ya 25, ina mfano wa wanawali kumi na taa zao, ambao katika muktadha huu unafundisha kitu kingine: wenye busara hawakuijua saa ya kuja kwa bwana arusi, wala hawakudai kuijua, bali walichukua mafuta ya kutosha kwa kukawia. Busara yao haikutegemea makadirio sahihi. Ilitegemea kukubali kwamba muda unaweza kuwa mrefu, na kugharimia kukubali huko mapema.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyefariki mwaka 1995, aliifananisha dunia na familia moja ambayo watoto wake wana mali zisizolingana lakini wana deni la pamoja kwa wazazi, naye akajenga juu ya mfano huo maadili ya kulinda dunia. Katika Kitui na Makueni familia hiyo iko karibu sana, kwa sababu sebule yenye reli ya halojeni na nyumba yenye koroboi zinaweza kuwa kwenye njia moja. Uniti karibu 32 zinazookolewa kila mwezi hazihami zenyewe kwenda kwa jirani, lakini mwenye reli hawezi kusema kwamba namna anavyotumia umeme ni faragha yake tu.

Kinachobaki ni muuzaji. Boksi linaloahidi saa 25,000 kwa kawaida huambatana na dhamana ya mwaka mmoja au miwili, na kwa hiyo biashara ya kisasa, iliyodhaniwa kuwa imekombolewa kutoka katika ufupi wa wakati, inazungumza kwa miaka 17 na kuwajibika ndani ya ile ile miaka 2 ya Mbiti. Swali la kwanza la mwenye nyumba dukani, basi, ni nani atakayeipokea balbu hii ikizimika mwaka wa tano. Kama hakuna, idadi iliyo juu ya boksi haifai kuingia katika hesabu yake hata kidogo, na aamue kwa uniti 36 na uniti 4 peke yake, ambazo tokeni za umeme zitamwonyesha kabla mwezi haujaisha.