Ziwa Liko Karibu, Shamba Lina Kiu
Anayedhani mwambao wa Seme, Kano na Nyakach haujui ukame hajaona mahindi yaliyojikunja majani huku ziwa likimetameta mbele yake. Maji hayapandi shambani yenyewe. Skimu ya umwagiliaji ya Ahero huyavuta kwa pampu kutoka Mto Nyando, ile ya West Kano kutoka ziwani. Aliye nje ya mifereji ya skimu hizo hungoja masika. Na masika ya 2024, badala ya kulisha, yalileta mafuriko Nyando.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Mama mkulima, nakusihi, usikilize kabla hujanunua mbegu. Ukitabiriwa uhaba wa mvua, punguza mahindi, mtama upewe nafasi kubwa.