Mtu Hakai Mahali Pawili

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, kituo cha Mbagala Rangi Tatu hujaa watu. Ni wazazi waliotoka Chamazi na vitongoji vya jirani, wanaogombea magari ya kwenda mjini. Upande wa kaskazini, huko Bunju na Tegeta, mambo ni yale yale. Wengi wao wamewaacha watoto wamelala, na usiku watarudi wawakute wamelala tena. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini ajitaabisha hivyo, hatasita kukujibu: ni kwa ajili ya watoto. Jawabu hilo ni la kweli, tena ni la heshima. Lakini hapo ndipo lizukapo swali tunalotaka kulitafakari leo: Je, yawezekana mtu akawatumikia watoto wake kwa namna inayowanyima mzazi?

Mwaka 1970 mtaalamu wa jiografia, Torsten Hägerstrand wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini Sweden, alitoa makala yenye jina la kuuliza: katika elimu ya miji na mikoa, watu wenyewe wako wapi? Badala ya kuhesabu watu kwa mafungu tu, aliufuata mwendo wa mtu mmoja tangu asubuhi hata usiku. Akakumbusha jambo ambalo kila mtu alijua na wachache walilipima, kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na siku haina zaidi ya saa 24. Akaonyesha mipaka ya namna tatu. Wa kwanza ni wa mwili, maana sharti tule na tulale. Wa pili ni wa kukutana, maana yako mambo yasiyofanyika ila watu wawe pamoja. Wa tatu ni wa mamlaka, yaani saa na sheria zilizowekwa na wengine.

Mipaka hiyo yawahusu sana wakazi wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 5,383,728. Mji umetambaa kando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, na mtu wa kipato kidogo hupata kiwanja kule mbali. Basi aliyepunguziwa bei ya kiwanja ailipa baadaye kwa saa za safari.

Tena mshahara wenyewe hautoshi. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipopungua nguvu, familia nyingi za mji huu zilijifunza kuishi kwa miradi: kuku, ng'ombe wa maziwa, bustani ya mchicha, maandazi, genge mbele ya nyumba. Camillus Sawio, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika tasnifu yake ya mwaka 1993 juu ya kilimo cha mjini humu, alionyesha kwamba wakulima hao hawakuwa wageni waliofika jana kutoka vijijini. Miongoni mwao walikuwamo watumishi wenye elimu. Hata msomi alitoka ofisini akaingia bandani.

Wako watakaotuambia, "Msitulaumu, ni umaskini." Twakubali. Asiye na uchaguzi hana hatia kwa asichoweza kukitenda. Wapangao saa za kazi, wapimao viwanja na wajengao barabara ndio wa kuulizwa kwanza, na pia yule mkubwa wa kazi awabakizaye watumishi hata usiku pasipo haja. Hao wote wachukua kitu kisichoweza kurudishwa na malipo ya ziada.

Lakini si saa zote zilizochukuliwa na shida. Yuko aliyekwisha kujenga nyumba moja akaanza ya pili, kisha ya tatu, huku watoto wa ile ya kwanza wakikua pasipo yeye. Yuko afikaye mtaani saa kumi na mbili jioni, lakini nyumbani aingia saa nne, baada ya kuketi grosari. Hao hawakufungwa na umaskini.

Aristoteli, mwanafalsafa wa Wayunani, alifundisha kwamba twashughulika ili tupate wasaa. Sisi tumeligeuza neno hilo: twapumzika ili turudi kazini, kama mashine iliyotiwa mafuta. Wasaa ni saa ambayo mtu haulizwi amezalisha nini, na ndiyo saa ambayo mtoto hupata kumjua baba yake. Tena tuangalie ni nani apumzikaye. Jumapili baba acheza bao barazani na rafiki zake, wakati mama apika, afua nguo na kuwaandalia wageni. Pumziko la namna hiyo si la nyumba. Ni la mtu mmoja, na mwingine amelilipia.

Wahenga wamesema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kulea ni katika mambo ya mpaka ule wa pili, yasiyofanyika ila watu wawe pamoja. Ada ya shule yaweza kutumwa kwa simu; malezi hayatumwi. Yatupasa, basi, kila mmoja katika nyumba yake, kuchagua saa ambayo hatutaiuza: chakula kimoja cha jioni, au alasiri moja ya juma, baba na mama wote wawili wakiwapo, na kazi za nyumba zikiwa zimegawanywa. Asiyeweza kuipata saa hiyo na ajiulize kwa kweli ni nani aliyemnyima. Akikuta ni wengine, na adai haki yake. Akikuta ni yeye mwenyewe, na aanze juma hili.